Ukanda au Keekee: Njia za Kupandikiza Nywele na Biashara ya Istanbul

Msafiri yeyote apitaye siku hizi katika kiwanja cha ndege cha Istanbul, nchini Uturuki, hawezi kukosa kuwaona. Ni wanaume wa mataifa mbalimbali, vijana kwa watu wazima, walionyolewa vichwa, waliofungwa ukanda mweusi kwenye paji la uso, na ambao utosini na kisogoni wamejaa madoa mekundu mithili ya shamba lililotifuliwa jana. Hawakujeruhiwa vitani. Wamelipa fedha zao wenyewe wapasuliwe, na sasa wamo njiani kurudi makwao kungoja nywele ziote.

Tumeamua kulizungumza jambo hili katika ukurasa huu kwa sababu limekwisha kubisha hodi kambini. Koplo mmoja aliyerejea kutoka katika ulinzi wa amani ng'ambo alituletea swali mwezi uliopita. Amejiwekea akiba, panja zake zimepanda na utosi wake umeanza kuonekana, ameonyeshwa tangazo la kliniki moja ya Istanbul lisemalo kwamba tiketi, hoteli na upasuaji vyote vimo katika bei moja. Ndege za Shirika la Uturuki zinatua Entebbe, Kigali, Nairobi na Dar es Salaam, kwa hiyo safari yenyewe si ndoto. Swali lake lilikuwa hili: kati ya kukatwa ukanda wa ngozi na kutobolewa kwa keekee, ni njia ipi iliyo bora kwa askari?

Wapo watakaocheka, wakasema kwamba askari ana mambo makubwa kuliko kipara. Sisi hatucheki. Mtu avuaye kofia mbele ya kikosi kila siku anajua wenzake wanatazama nini. Lakini kuna jambo jingine, nalo ndilo linalolifanya swali la koplo kuwa zito kuliko swali la karani au mfanyabiashara. Raia akikatwa kovu kisogoni aweza kufuga nywele akalifunika. Askari hana ruhusa hiyo. Nywele zake hupunguzwa kwa kanuni, na kila alama iliyo kichwani mwake yaonekana mchana kweupe.

Yafaa kwanza tueleze shina la elimu hii, maana matangazo hayalielezi. Upara wa kawaida wa wanaume hutokana na urithi pamoja na homoni ya kiume, ambayo kidogo kidogo huidhoofisha mizizi ya nywele za utosini na za panja mpaka ikatoa vinyweleo visivyoonekana, kisha isitoe kitu. Nywele za kisogoni na za pembeni hazidhuriki na homoni hiyo kwa kadiri ile ile, na ndiyo sababu mzee mwenye kipara hubaki na ushungi wa nywele unaozunguka kichwa kutoka sikio hadi sikio. Sasa ukiutoa mzizi wa kisogoni ukauhamishia utosini, mzizi huo hauigi tabia ya mahali ulipohamia. Hubaki na tabia ya kwao, ukaendelea kuotesha nywele. Upasuaji wote tunaouzungumza hapa umejengwa juu ya jambo hilo moja. Hakuna nywele mpya inayoumbwa. Kinachofanyika ni kuhamisha miche kutoka kitaluni kwenda shambani. Na kitalu kina mwisho wake.

Jambo hili lilianza Japani. Mwaka 1939 daktari wa ngozi aitwaye Shoji Okuda alichapisha maelezo ya kazi yake ya kutoa vipande vidogo vya ngozi yenye nywele, kwa bomba lenye makali la upana wa milimita 2 hadi 4, na kuvipandikiza kwenye makovu ya watu walioungua na wengine waliopotewa na nywele za kichwa au za nyusi. Hakuwa akiwatafutia watu urembo. Alikuwa akitibu majeraha. Vita Kuu ya Pili ikafuata, Japani na Marekani zikawa maadui, na maandishi ya Okuda yakabaki katika lugha ya Kijapani pasipo kusomwa na madaktari wa Magharibi. Kwa hiyo Norman Orentreich wa New York alipoanza kazi kama hiyo mwaka 1952, na makala yake ilipotoka mwaka 1959, dunia ilimhesabu yeye kuwa mwanzilishi. Ni yeye hata hivyo aliyeithibitisha ile kanuni tuliyoitaja, ya kwamba mzizi hufuata tabia ya ulikotoka.

Kwa miaka zaidi ya 20 baadaye madaktari walipanda vipande vya milimita 4, kila kimoja kikiwa na nywele kumi, kumi na tano au zaidi. Nywele ziliota, lakini zilisimama mafungu mafungu na uwazi katikati, kama nywele za mwanasesere. Wazee wengine wa Ulaya na Marekani wangali wanatembea na kazi ya siku zile vichwani mwao.

Mageuzi yalikuja pale madaktari walipotambua kwamba nywele haziwi moja moja katika ngozi, bali hutoka katika vifungu vidogo vya nywele 1 hadi 4. Kuanzia mwaka 1988, Bobby Limmer wa San Antonio, Texas, alianza kuvitenganisha vifungu hivyo chini ya darubini, kimoja kimoja, na kuvipanda hivyo hivyo vilivyoumbwa. Hii ndiyo njia ya ukanda, ambayo kliniki huiita kwa herufi FUT. Mgonjwa hutiwa ganzi ya kichwani, akiwa macho. Daktari hukata kisogoni ukanda wa ngozi wenye upana wa sentimita 1 au zaidi kidogo, na urefu ambao waweza kufika sentimita 20 na kuzidi, kisha huishona mahali pale. Ukanda ule hupelekwa mezani, ambako wasaidizi wenye darubini huuchanachana kuwa miche. Wakati huohuo matundu madogo hutobolewa utosini, na miche hupandwa. Nyuzi hutolewa baada ya wiki moja au mbili. Kinachobaki ni kovu moja refu, jembamba likishonwa vizuri, pana likishonwa vibaya au mgonjwa akiwa na ngozi yenye tabia ya kuvimba.

Njia ya keekee, yenye herufi FUE, ilipata umaarufu baada ya mwaka 2002, William Rassman, Robert Bernstein na wenzao wa Marekani walipoichapisha. Hapa hakuna ukanda wala uzi. Kisogo chote hunyolewa, na bomba dogo lenye makali, la upana wa milimita 0.7 hadi 1, huzungushwa kuuzunguka kila mche na kuulegeza. Kisha mche huvutwa kwa kibanio. Hufanyika hivyo mara 2,000, mara 3,000, pengine zaidi, kwa saa nane au tisa. Kovu refu halipo. Badala yake hubaki nukta nyingi ndogo nyeupe zilizotapakaa. Hivi leo wagonjwa walio wengi duniani hupasuliwa kwa njia hii, na kwa matangazo ya Istanbul ni kana kwamba hakuna nyingine.

Wauzaji husema neno fupi: keekee haina kovu. Neno hilo si la kweli. Kila tundu ni jeraha, na kila jeraha la ngozi huacha alama. Likifanywa na mtu mwangalifu, nukta hizo hazionekani hata nywele zikipunguzwa sana. Likifanywa kwa pupa, miche ikachumwa mingi mahali pamoja, kisogo huonekana kama blanketi lililoliwa na nondo. Na aliyekwisha kuchumwa hivyo hana pa kukimbilia, kwa sababu kitalu chake kimekwisha.

Hapa ndipo tunapofika katika jambo ambalo hatukuliona katika tangazo hata moja, ingawa latuhusu sisi kuliko wengine. Nywele zetu ni za kipilipili. Zile za singa za Mzungu au Mhindi huenda chini ya ngozi zikiwa zimenyooka, kwa hiyo keekee ikielekezwa sawa na unywele unaoonekana juu, itaufuata mzizi mpaka mwisho. Mzizi wa nywele za kipilipili haukunyooka. Umejipinda ndani ya ngozi kama mundu, na keekee iendayo moja kwa moja huukata katikati. Mche uliokatwa hauoti utosini, wala hauoti tena kisogoni; umepotea pande zote mbili. Daktari mzoefu wa nywele hizi hutumia bomba pana kidogo, huenda polepole, na kabla ya kuanza huchukua miche michache ya kujaribia, aone ni mingapi inayotoka mizima. Ikivunjika mingi, huacha. Fundi ambaye tangu asubuhi hupasua vichwa vya singa, na ambaye hajapata kushika kichwa cha Mwafrika, hafanyi jaribio hilo.

Hata mashine zimekuwa na ubaguzi wa namna hii, tukiruhusiwa mzaha kidogo. Roboti ya kuchuma nywele iitwayo ARTAS, ilipopewa idhini nchini Marekani mwaka 2011, ilikusudiwa wanaume wenye nywele nyeusi au za kahawia zilizonyooka.

Kwa upande huo basi, njia ya ukanda ina nguvu. Anayechana ukanda chini ya darubini anauona mzizi jinsi ulivyojipinda na anapitisha kisu pembeni yake. Miche inayoharibika ni michache. Aidha nywele za kipilipili zina baraka yake: ingawa vifungu vyake kwa kila sentimita ya ngozi ni vichache kuliko vya Wazungu, kule kujisokota kwake hufunika ngozi zaidi, hivyo miche michache hutosha. Lau tungekuwa tunamshauri mwalimu au mwanasheria, mwenye hiari ya kuacha nywele za kisogoni zikue kidogo, tungelielekea kwenye ukanda.

Lakini twamshauri askari. Kovu lile refu, kwa kichwa kilichonyolewa kwa kanuni, litaonekana kutoka upande huu wa uwanja wa gwaride hadi ule. Na kuna la zaidi. Watu wa asili ya Kiafrika ndio wenye uwezekano mkubwa kupata makovu yanayovimba na kupanda nje ya mipaka ya jeraha. Mwenye kovu la namna hiyo kifuani, sikioni au mahali alipochanjwa, asidhani kwamba kisogo chake kitakuwa na tabia tofauti. Kwake yeye ukanda ni hatari kubwa, na keekee nayo si salama. Matundu elfu mbili yaweza kuwa vinundu elfu mbili.

Kalamu ya kupandikizia, iliyobuniwa Korea ya Kusini na kutangazwa sana kama njia ya tatu, haitatuchelewesha. Ni chombo cha kupandia, si cha kuchumia. Mche huingizwa katika sindano yenye uwazi, ukapandwa bila kutobolewa tundu kwanza. Ina faida zake kwa mkono uliozoea, lakini miche yenyewe hutolewa kwa keekee kama ilivyo ada, kwa hiyo ugumu wote tuliousema wabaki palepale, na bei hupanda.

Tugeukie sasa siasa na uchumi wake, kwa maana jambo hili halikuwa kubwa kwa ajili ya sayansi peke yake. Watu wakubwa ndio waliolifungulia mlango. Mwezi Agosti 2004, Waziri Mkuu wa Italia, Silvio Berlusconi, alimpokea Tony Blair wa Uingereza huko Sardinia akiwa amefunga kitambaa kichwani, na baadaye ikajulikana kwamba kilikuwa kimefunika nywele zilizopandikizwa. Mwaka 2011 mchezaji mpira Wayne Rooney alitangaza mwenyewe kwamba amefanyiwa. Brazili iliingia katika kisa ambacho askari watakielewa upesi: mwezi Desemba 2013 Spika wa Seneti, Renan Calheiros, alipanda ndege ya Jeshi la Anga kutoka Brasilia hadi Recife kwenda kupandikizwa nywele. Habari zilipovuja, alirudisha katika hazina ya taifa reale 27,390. Na huko Korea ya Kusini, mwezi Januari 2022, mgombea urais Lee Jae-myung aliahidi kwamba matibabu ya upara yatalipiwa na bima ya afya ya taifa. Alishindwa katika uchaguzi ule, akashinda mwingine mwaka 2025. Atakayesema kwamba upara si jambo la siasa, na aulize Seoul.

Uturuki imefaulu kwa sababu nyingine. Fedha yake imeporomoka: mwanzoni mwa mwaka 2018 dola moja ya Marekani ilibadilishwa kwa lira zisizofika 4, na mwaka 2025 ikavuka lira 40. Mgeni mwenye dola hupata huduma kwa bei iliyo chini sana ya ile ya London au New York, na mwenye kliniki alipwaye kwa dola huneemeka huku mishahara ya wasaidizi wake ikiwa kwa lira. Serikali ya Uturuki iliona faida hiyo mapema. Mwaka 2017 ilitoa kanuni za utalii wa matibabu, na mwaka 2019 ikaanzisha kampuni ya taifa, USHAŞ, ya kuusimamia na kuutangaza. Kwa haki ni lazima tuseme kwamba wamo Istanbul madaktari hodari, na hospitali zilizo safi kuliko nyingi za Ulaya.

Ila kliniki zimekuwa mamia, na ushindani wa bei umezaa tabia mbaya. Daktari ambaye picha yake iko katika tangazo aweza kuonekana kwa dakika tano tu, akachora mstari kwenye paji la uso, kisha akaenda kwa mgonjwa wa pili na wa tatu. Anayekata na kuchuma na kupanda ni fundi. Chama cha Kimataifa cha Upasuaji wa Kurudisha Nywele, ambacho kina madaktari wa nchi nyingi, kimekuwa kikipiga kampeni dhidi ya soko hili la magendo. Si Uturuki tu. Nchini India, mwaka 2016, mwanafunzi wa udaktari wa umri wa miaka 22 alifariki baada ya kupandikizwa nywele katika mji wa Chennai. Mwaka 2022 Tume ya Taifa ya Utabibu ya nchi hiyo ikatoa mwongozo kwamba kazi hii ni ya madaktari waliofunzwa upasuaji, ikaongeza kwamba kutazama picha za video si mafunzo. Hata hivyo mwaka 2025 ikafichuka habari ya wahandisi wawili wa Kanpur waliokufa mmoja baada ya mwingine, baada ya kupasuliwa katika kliniki ya daktari wa meno. Na mwezi Julai mwaka huohuo Mwingereza mmoja alifariki Istanbul alipokuwa akitayarishwa kwa upandikizaji wake wa pili. Mamlaka za huko zikafungua uchunguzi.

Vifo ni vichache ukivilinganisha na maelfu kwa maelfu wanaopasuliwa. Madhara yaliyo ya kawaida ni madogo zaidi na ya kudumu zaidi: mstari wa nywele uliopandwa chini mno kama wa mtoto, miche iliyoelekezwa juu kama miiba, usaha, kisogo kilichomalizwa. Vilevile kuna kijana wa miaka 22 au 23 ambaye upara wake haujamaliza safari. Akipandikizwa panja leo, nywele zake za asili za nyuma zitaendelea kuondoka, na akifika miaka 40 atakuwa na kisiwa cha nywele mbele na bahari tupu nyuma yake. Daktari mwaminifu humrudisha kijana kama huyo nyumbani na dawa, nazo ni mbili zinazojulikana: minoksidili ya kupaka, ambayo mwanzo wake ulikuwa dawa ya shinikizo la damu, na finasteridi ya kumeza. Zote hupunguza mwendo wa upara, na zote hufanya kazi maadamu mtu hajaziacha.

Kuna pia hesabu ya likizo, ambayo raia haifikirii. Kichwa kilichopandwa hakivai kofia ya chuma wala bereti ya kubana katika siku kumi za kwanza au wiki mbili, maana msuguano hung'oa miche. Jasho jingi, jua kali na mazoezi mazito huahirishwa. Kisha, baada ya wiki chache, nywele zilizopandwa hupukutika karibu zote, na mwenye kichwa hudhani ameibiwa. Ni kawaida yake. Huanza kuota tena mwezi wa tatu au wa nne, na sura kamili huonekana baada ya mwaka. Kliniki yako iko umbali wa saa nyingi za ndege wakati huo wote, na mganga wa kikosi ndiye utakayemwonyesha usaha.

Jibu letu kwa koplo tulimpa ana kwa ana, kwa sababu tulitaka kukiona kichwa chake. Alipoinama tuliona, chini ya kisogo pale ukosi unapogusa, vinundu vigumu kama mbegu za mtama. Alisema anavyo tangu alipokuwa kuruta, na kwamba kinyozi huvikwangua kila Jumamosi. Hali hiyo yajulikana sana kwa wanaume wa Kiafrika wanaonyolewa karibu mno, na msuguano wa ukosi na kofia huizidisha. Ni uvimbe wa mizizi ya nywele ambao hugeuka kuwa kovu, na uko pale pale ambapo ukanda ungekatwa na keekee ingepita. Hakuna njia kati ya hizo mbili ambayo daktari mwangalifu angeitumia juu ya ngozi ile kabla haijatibiwa na kutulia.

Tumemwandikia jina la kliniki ya ngozi katika hospitali ya rufaa, ambako kumwona daktari ni fedha ndogo kuliko nauli ya teksi ya kwenda kiwanja cha ndege. Tumemwomba pia amwambie kinyozi aweke mashine namba moja badala ya wembe, na amwombe mkuu wake ruhusa ya kuziacha nywele za kisogoni urefu huo mpaka dawa ziishe. Fedha za Istanbul bado anazo.